Njiti tisa za kiberiti zanirudisha kwenye ndege zangu!

Ndugu msomaji, usicheke. Mtu mzima, nina kitambi na mke, lakini siku hizi nikitoka kazini hapa Kasulu nakaa barazani na wembe, gundi na mabua ya mtama, naunda ndege. Mama watoto mwanzo alidhani nimerogwa. Majirani ndio usiseme!

Mchezo huu niliuacha zaidi ya miaka 20 iliyopita kule Kibondo, na kuuacha kwenyewe kulikuwa na sababu.

Waliokulia Kibondo miaka ya tisini watanielewa. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, Warundi wakamiminika kwetu. Zikaja kambi: Kanembwa, Mtendeli, Nduta. Mji wetu wa usingizi ukajaa Land Cruiser nyeupe, na juu yake ndege. Ikisikika tu, sisi watoto mbio kiwanjani. Niliyoipenda mimi ni Cessna Caravan: injini moja puani, bawa juu ya bodi, matairi hayakunjwi hata ikiwa angani. Mgongoni nyeupe pee, tumboni nyekundu kwa vumbi la kiwanja.

Kila mtoto aliunda yake kwa makopo ya mafuta ya msaada, yale yaliyoandikwa USA. Bawa refu kama panga, mkia kama kisigino. Nani alijali? Ilimradi unakimbia nayo.

Basi akatokea jamaa mmoja wa Nduta, rika langu, tuliyejuana sokoni. Akaitazama ndege yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipeleka kiwanjani (kwa kuibia, maana hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi). Rubani alikuwa amesimama chini ya bawa. Jamaa akafumba jicho moja, akanyoosha mkono na kijiti, akampima rubani kwa ukucha, kisha akawa anasogeza kijiti kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. "Watu tisa," akasema. Bodi je? Saba na kidogo.

Akatoa kiberiti. Mtu mmoja, njiti moja. Bawa njiti tisa, bodi njiti saba na kipande. Ndege iliyotoka hapo, ndugu yangu, ilikuwa Caravan kweli, mpaka wakubwa walisimama kuiangalia.

Tukaanza ya pili, kubwa ya kazi zetu zote. Yeye bodi na bawa la bua, mimi matairi matatu ya kuchonga kwenye ndala. Ndipo Warundi wakaanza kurudishwa kwao. Siku moja nafika sokoni, simwoni. Naambiwa wamepanda lori, wamekwenda. Ndege ilikuwa kwake. Matairi mfukoni mwangu. Sikuunda tena.

Nduta ilipofunguliwa upya mwaka 2015, baada ya vurugu nyingine za Burundi, mimi nilikuwa Dar. Kila picha ya kambi gazetini nilikuwa naitafuta sura yake. Sura ya mtoto, wakati mwenyewe sasa ni baba mzima! Ujinga gani huo?

Juzijuzi nimekwenda msibani Kibondo. Natafuta sindano kwenye kopo la vifungo la marehemu bibi, nakuta nini? Matairi yangu matatu.

Nikarudi nayo Kasulu. Safari hii nikajifanya msomi: nikatafuta vipimo vya Caravan, ile ndefu. Bawa mita 15.88, bodi mita 12.68. Waundaji wengi wa huko ughaibuni hutumia skeli ya 1:48, yaani kila sentimita 1 ya ndege ndogo ni sentimita 48 za ndege yenyewe. Nikapiga hesabu, bawa likaja sentimita 33.

Mikono sasa! Bawa la kwanza nililivunja. La pili nililitengeneza kwa bua ambalo halijakauka; asubuhi nalikuta limejipinda kama ndizi. Bua la mtama unalimenya ganda kwa wembe, unabaki na kile kiini chepesi, lakini kwanza likae juani wiki nzima. Mtoto wa darasa la tano alilijua hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau.

La tatu likanyooka. Nikajaribisha matairi. Makubwa! Ndege ikawa kama imevaa viatu vya baba yake.

Nikakaa. Halafu nikachukua kikokotoo cha simu, nikagawa 15.88 kwa tisa. Ikaja mita 1.76, urefu wa mwanaume. Nikagawa 12.68 kwa 1.76: saba na kidogo. Yule mtoto kwa kijiti na ukucha hakukosea! Njiti yangu nikaipima, sentimita 4.2. Kumbe skeli yake ilikuwa kama 1:42, na matairi niliyachonga kwa skeli hiyo.

Nikatupa bawa la tatu bila huruma. Nimekata jipya, sentimita 37.8. Matairi yamekaa kama yalivyotakiwa kukaa tangu zamani.

Sasa imekwisha. Mgongoni rangi nyeupe. Tumboni, rangi ikiwa mbichi, nilipuliza vumbi niliyoichota mwenyewe kiwanjani Kibondo. Chini ya bawa nimesimamisha njiti moja ya kiberiti, kichwa chake chekundu.

Mwanangu kauliza kama huyo ndiye rubani. Nimemwambia hapana, huyo anapima.