KUFUFUA KINU CHA UMEME CHA KAHAWA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Ukimuuliza mtu wa pwani kahawa ni nini, atakwambia ni kile kikombe kidogo kisicho mkono, kimejaa kitu cheusi chenye tangawizi, na pembeni pana kashata au haluwa. Hajakosea. Lakini ni wachache wanaojiuliza ile buni ilisagwaje. Katika makala haya nitaeleza kazi ya kusaga kahawa, na jinsi tulivyokifufua kinu kimoja cha umeme kilichokuwa kimeshatupwa. Wenzangu wa fizikia wanivumilie, na walimu wa Kiswahili wanisahihishe penye istilahi.

Haja Iliyotusukuma

Ami yangu huuza kahawa chungu Likoni, upande wa kivuko. Buni huikaanga mwenyewe kwenye karai, kisha huitwanga kwa kinu na mchi. Ndiyo kazi iliyowasomesha watoto wake. Mwaka jana bega la kulia lilianza kumuuma, hata kuinua dele ikawa taabu. Daktari alimwambia aupumzishe mkono. Haya, mwuza kahawa aupumzishe mkono, watoto wale nini? Alijaribu unga wa kununua tayari kwa siku mbili, wateja wakaguna: "Leo watuuzia maji ya nini, mzee wetu?" Ikawa ama apate kinu cha umeme ama aifunge biashara.

Vinu vipya vya aina hiyo bei yake haishikiki. Lakini hapa pwani hoteli hufungwa, nyingine hubadilisha vyombo, na vile vya zamani huishia kwa wauza vyuma vikuukuu. Hicho chetu tulikipata Changamwe, kwa mtu anayeuza skrepu kwa kilo. Kilikuwa kinu cha Kitaliano cha kusagia kahawa ya espreso, kizito kama mfuko wa unga wa dukani uliofungwa marobota, bakuli lake la juu limepasuka, na ndani kimejaa unga uliovunda. Ukikiwasha, kinanguruma tu wala hakizunguki. Muuzaji alisema, "Hiki ni chuma, mimi sijui kahawa." Tukakichukua kwa bei ya chuma, tukakipeleka kwa fundi wa juakali huko huko Magongo.

Kinu Hiki Hufanyaje Kazi?

Bibi zetu walikuwa na kijaa, yaani mawe mawili ya kusagia nafaka, moja juu ya jingine. Kinu cha umeme ni kijaa cha chuma. Ndani mna diski mbili zenye meno, zinatazamana. Ya juu imetulia, ya chini inazungushwa na mota. Buni huanguka katikati, ikarushwa na ule mzunguko kuelekea ukingoni. Meno ya katikati ni makubwa, huvunja. Meno ya ukingoni ni madogo, husaga. Ukitaka unga laini, unazisogeza diski karibu. Ukitaka chenga, unazitenga.

Diski zetu zina upana wa milimita 64. Umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, na mota ya namna hii huzunguka kiasi cha mara 1,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzingo wa diski ni milimita 201, kwa hiyo ukingo wake husafiri kama mita 281 kila dakika. Ndiyo maana usitie kidole humo hata kwa mzaha.

Sasa, kuna tofauti gani na kutwanga? Mchi haupimi. Buni moja huwa vumbi, ya jirani yake ikabaki chenga. Vumbi hutoa utamu na uchungu wake mara moja, chenga ikachelewa. Kahawa chungu huchemshwa kwa muda, basi husamehe tofauti hiyo. Espreso haisamehe: maji ya moto husukumwa kwa nguvu ya kama mara 9 ya kanieneo ya hewa, na kikombe hutoka kwa sekunde 25 hadi 30 hivi. Ndiyo sababu vinu vya espreso hutengenezwa kwa usahihi mkubwa. Mwuza kahawa akikipata hata kikiwa kikuukuu, amepata chombo.

Kazi Yenyewe, Hatua kwa Hatua

Kwanza, tulichomoa plagi. Fundi alinionya: "Mwanangu, swichi si kitu. Plagi iwe mkononi mwako, uione kwa macho." Nawaachia na nyinyi wosia huo.

Pili, tulifungua. Diski ya juu hukaa kwenye kola yenye hesi, nayo huzungushwa mpaka itoke. Yetu ilikuwa imegandishwa na mafuta ya kahawa yaliyokauka kama gundi. Fundi hakupiga nyundo, kwa maana hesi zikiharibika kinu kimekwisha. Aliipasha joto kwa kitambaa cha moto, akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, hata ikalegea. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, usafi. Tulikwangua unga wa zamani kwa kijiti cha mti na brashi kavu, kisha tukapangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Maji hatukuyatumia, kwa sababu diski ni za chuma na hewa yetu ya bahari ina chumvi. Ukiosha leo, kesho utaona kutu. Hapo ndipo pana siri kubwa: kiti cha diski lazima kiwe safi kabisa. Punje moja ya unga ikibaki chini yake, diski hukaa upande, na kahawa hutoka nusu vumbi nusu chenga, kama ya mchi.

Nne, diski zenyewe. Pitisha ukucha kwenye ncha za meno: yakiwa makali, ukucha utakwama, yakiwa butu, utateleza. Yetu yalikuwa yameteleza kama kisu cha mwaka juzi. Meno butu hayakati, huponda, na kahawa hupata moto kabla ya wakati wake. Tuliagiza diski mpya kutoka Nairobi, na zilitugharimu kuliko kinu kizima. Ukiagiza, taja upana na upande mota inakozunguka, maana za kushoto hazifanyi kazi ya kulia.

Tano, ule mngurumo. Baada ya kusafisha, mota ilizunguka vizuri kwa mkono lakini kwa umeme bado ikanguruma. Fundi akasema, "Hiyo ni kapasita." Kapasita ndiyo inayoipa mota ya aina hii msukumo wa kuanza. Ikifa, mota hupata umeme lakini haijui izungukie wapi. Jihadharini sana: kapasita huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi aliutoa kwanza, ndipo akaigusa. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zisipungue za ile ya kwanza.

Sita, waya wa ardhi. Hapa ndipo roho ya mtu ilipo. Mtu mmoja asiyejulikana alikuwa ameukata ule waya wa kijani na manjano, akaacha miwili tu. Kinu kina mwili wa chuma, na mwuza kahawa mikono yake haikauki maji. Waya mmoja ungelegea ndani, chuma chote kingekuwa na umeme. Tulitia waya mpya wa nyuzi tatu. Fyuzi nayo tuliibadilisha. Kinu hutumia wati 350. Gawanya kwa volti 240, utapata karibu ampia 1.5. Mota ikianza huvuta zaidi, basi fundi alitia fyuzi ya ampia 5. Ile ya 13 iliyokuwamo ingengoja waya uungue kwanza.

Mwisho, kupima. Kinu kikiwa kitupu na kinazunguka, tulizisogeza diski polepole mpaka tukasikia mlio mwembamba wa chuma kugusana. Papo hapo tukazitenga. Kutoka alama hiyo tuliendelea kutenga kidogo kidogo, tukisaga na kuonja, mpaka ami akasema, "Hapo, hapo."

Matunzo

Buni ichambuliwe kabla ya kusagwa, kwani kijiwe kimoja huvunja meno mapya. Tangawizi na iliki zisitiwe humo: nyuzi za tangawizi huziba, na harufu ya iliki haitoki tena. Kila Ijumaa kifunguliwe na kupigwa brashi. Kinu cha mti ami hakukitupa, bado hutwangia viungo, na viungo ni vyepesi kwa bega lake. Wateja walinusa, wakanywa, wakaomba cha pili. Ushahidi zaidi ya huo mimi sina.

Neno kwa Wanachama

Kahawa, finjani na dele ni maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu pamoja na kinywaji chenyewe, na leo ni mali yetu. Mafundi wa Magongo nao wana kapasita, fyuzi na skrepu, na hawaoni haya. Naomba chama chetu kiende kwao na daftari, tuandike wanayosema, maana kamusi nyingi hazijafika gereji. Kahawa ya Kenya hupita Changamwe kila mwaka ikienda bandarini Kilindini, nasi twaitazama tu. Tujue angalau kuisaga, na kukitengeneza kinachoisaga. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wasalaam.