Isale halifuti deni

Kwa Wachagga wa Kilimanjaro, aliyemkosea mwenziwe anaweza kumpelekea jani la mmea wa isale, na mila inamtaka anayeletewa asilikatae. Wanaolisifu jani hili husema lina nguvu ya kulazimisha msamaha. Naona wanalisifia kisicho chake. Kazi ya isale ni kuwakalisha kitako watu waliokuwa hawasalimiani. Kilichoharibika bado hakijatengenezwa.

Chukua ugomvi wa mpaka, maana vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo, ni vidogo na ndugu hurithi vipande vinavyopakana. Alama ya mpaka ni masale hayohayo. Mtu akiyang'oa usiku na kuyasogeza hatua mbili ndani ya migomba ya nduguye, kisha akatuma mzee na jani la mmea uleule, nani atasema yamekwisha? Wazee wa ukoo watakaa, mkosaji atalitaja kosa kwa kinywa chake mbele ya mashahidi, atayarudisha masale yalipokuwa, na huenda akatozwa mbuzi na pombe ya mbege. Pasipo gharama na mashahidi, isale lingekuwa jepesi kama ile "samahani" ya simu ambayo mtu huiandika huku anatafuna. Tena masale hupandwa makaburini. Anayelichezea jani anajua anawachezea na waliolala hapo.

Yupo atakayesema kwamba mila isiyoruhusu kukataa inamwonea aliyeumizwa. Hoja hiyo ni nzito, hasa mke aliyepigwa anapoletewa jani na wakwe na kuambiwa anyamaze. Lakini wakwe hao wameikata mila vipande: wameshika kile kinachomfunga aliyekosewa, wakatupa kinachomfunga mkosaji. Kupokea jani ni kukubali kusikiliza na kutolipiza kisasi. Haki ya kudai inabaki palepale, na kipigo kina polisi na mahakama, ambako jani halina kauli. Kwa ardhi, sheria yenyewe imeusogelea utaratibu wa wazee: tangu 2021 mabaraza ya kata Tanzania Bara hayaamui tena migogoro hiyo, yanasuluhisha tu, na wasiopatana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hofu yangu ni kwamba usuluhishi wa ofisini unaweza kuishia kwenye saini. Msuluhishi wa kata asifunge jalada kabla hajafika shambani kuona mpaka umerudi wapi.