KOMPYUTA NYEPESI VYUONI: MTAMBO MMOJA, WATU WENGI



Wengi wetu tulio viwandani na mashambani, Gitega na Muyinga, tuna watoto walio vyuoni au wanaojiandaa kuingia. Karo yao hutoka katika mshahara ule ule unaonunua maharage na unga. Kwa hiyo chuo kinapotangaza kwamba kitaweka kompyuta na wazazi watachangia, ni haki yetu kujua kinachonunuliwa. Maneno yanayosikika siku hizi ni "kompyuta nyepesi" na "dawati pepe". Tutayaeleza kwa lugha ya kazini, kisha tutazame faida, hatari na maswali ya kuuliza.

Ni kitu gani?

Kompyuta ya kawaida ina kila kitu ndani yake: sehemu ya kufanya hesabu, ghala la kuhifadhi kazi, na programu zote. Chuo chenye wanafunzi 30 darasani kinanunua mashine kamili 30, na kutengeneza mashine 30.

Kompyuta nyepesi ni kisanduku kidogo, karibu ukubwa wa kitabu, kilichounganishwa na kioo, kibodi na kipanya. Chenyewe hakifanyi kazi kubwa wala hakihifadhi kitu. Kazi yote inafanyika katika mtambo mkuu, unaoitwa seva, uliofungiwa katika chumba kimoja. Mwanafunzi akibonyeza herufi, habari inakwenda kwa waya hadi kwenye seva, na picha inarudi kwenye kioo chake. Seva humtengea kila mwanafunzi sehemu yake, kama vile ana kompyuta yake mwenyewe. Sehemu hiyo ndiyo dawati pepe.

Mfano wake ni kituo cha kuosha kahawa. Mkulima hahitaji mashine kubwa ya kumenya nyumbani kwake. Analeta kahawa yake mbivu kituoni, mashine moja inamenya kahawa ya wote, na kila mmoja anaandikiwa kilo zake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu John Kemeny na Thomas Kurtz waliwezesha wanafunzi wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye kituo chake. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitoa VM/370, programu ya kugawa mtambo mmoja uwe kama mitambo mingi. Hapa Afrika, shirika la SchoolNet Namibia, lililoanza mwaka 2000, lilipeleka mashine nyepesi zenye programu za bure katika shule nyingi.

Faida zake

Kwanza ni umeme. Tufanye hesabu ya mfano. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100, hivyo 30 zitakula wati 3,000. Kisanduku chepesi na kioo chake kinaweza kula wati 30, hivyo 30 zitakula wati 900. Ongeza wati 500 za seva, jumla ni 1,400, yaani chini ya nusu. Katika nchi yetu hili si jambo dogo. Kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, karibu na Gitega, kilichoanza mwaka 2021 kwa megawati 7.5, kimeongeza nguvu, lakini umeme bado hukatika. Na miaka hii ya uhaba wa mafuta imetufundisha kwamba jenereta bila mafuta ni chuma tu.

Pili, kisanduku hakina ghala wala feni ya kuvuta vumbi, kwa hiyo hukaa miaka mingi. Kikiibwa, kazi ya mwanafunzi haipotei. Kikiharibika, anahamia kiti kingine na kuikuta kazi yake pale alipoiacha.

Tatu, fundi mmoja anatengeneza programu mara moja kwenye seva, na wote 30 wanaipata.

Hatari zake

Mashine ya kumenya ikisimama wakati wa mavuno, kahawa ya wote inaoza. Vivyo hivyo seva: ikilala, darasa zima limelala. Chuo kinachonunua seva moja bila ya akiba, bila betri, na bila mtu wa kuitunza, kimenunua hasara.

Hatari nyingine ni mahali seva inapokaa. Ikiwa ndani ya chuo, darasa linaendelea hata mtandao wa nje ukikatika, kwa kuwa nyaya ni za chuo chenyewe. Lakini wauzaji wengine hushauri seva ikae Bujumbura au ng'ambo, na chuo kilipe kila mwezi. Burundi haina bahari, na mawasiliano yetu hufika pwani kwa kupitia nchi za jirani. Waya ukikatika njiani, mwanafunzi wa Muyinga atakaa mbele ya kioo cheusi, na malipo yanaendelea.

Tatu ni leseni. Programu nyingine za dawati pepe hulipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni, nazo nchini mwetu ni haba. Leseni ikiisha, visanduku vinabaki mapambo. Zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyo, lakini zinadai fundi aliyefundishwa.

Jirani zetu walipita njia hii. Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika na gharama kupanda, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mtambo ulifika kabla watu wa kuumudu hawajaandaliwa.

Maswali ya kuuliza

Katika mkutano wa wazazi, tuulize haya bila woga:

1. Seva itakaa wapi, na ufunguo wa chumba chake uko kwa nani?
2. Ipo seva ya pili ya akiba? Betri zitaiendesha kwa saa ngapi?
3. Leseni ni kiasi gani kwa mwaka, na nani atalipa mwaka wa tatu?
4. Ni vijana wangapi wa hapa watakaofundishwa ufundi huo?
5. Kazi za wanafunzi zinanakiliwa mahali pengine kila siku?

Chuo kilichojiandaa kitajibu yote matano. Kisichoweza kujibu kingoje kwanza, na michango yetu ingoje pia.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Mitambo hii haitaishia vyuoni. Ikiingia katika ofisi za viwanda, msimamizi wa seva anaweza kuona kila karani anachokiandika, na orodha za mishahara na za kilo zilizochumwa zitakaa mahali pamoja. Hatusemi tuikatae. Tunasema wajumbe wetu wadai mapema, ndani ya mkataba wa kazi, kwamba mfanyakazi apewe nakala ya hesabu yake kwenye karatasi, na kwamba makarani wafundishwe kabla mtambo haujawashwa. Karatasi iliyo mkononi mwa mchumaji haizimiki umeme ukikatika.