Kiwanja cha Angani Juu ya Mogotio

Ukipita mitaa ya Kihonda au Mafiga, hapa Morogoro, inua macho uangalie mapaa. Nyumba nyingine zina madishi mawili juu ya bati moja, na hayatazami upande mmoja. Dishi la DStv limelazwa, uso juu, limeegemea kaskazini kidogo. La Azam limesimama zaidi, limeelekea magharibi. Mtoto akilisukuma mojawapo kwa kijiti cha kuangulia maembe, picha inakatika, king'amuzi kinaandika hakuna signo, na baba anaanza kumtafuta fundi. Kwa nini madishi yasitazame upande mmoja, ilhali yote yanaleta mpira?

Kwa sababu kila dishi lina setilaiti yake, na kila setilaiti ina mahali pake. Ya DStv imekaa nyuzi 36 mashariki. Ya Azam imekaa nyuzi 7 mashariki. Zote ni za Eutelsat, kampuni ya Kifaransa.

Sasa chukua ramani ya darasani. Tafuta mstari wa nyuzi 36 mashariki, ufuate kwa kidole mpaka ukutane na ikweta. Kidole kitasimama Kenya, karibu na Mogotio, mji mdogo wa kaunti ya Baringo, kaskazini ya Nakuru. Juu yake kabisa, kilomita 35,786, ndipo ilipo setilaiti inayolisha dishi la kwanza. Kwa hiyo mechi inachezwa Uingereza, inarushwa na kampuni ya Afrika Kusini, inapita kwenye chombo cha Wafaransa kilichoning'inia juu ya Mogotio, halafu inatazamwa Kihonda. Je, Wakenya wanalipwa kodi ya kiwanja? Hawalipwi hata senti. Je, waliwahi kudai? Walidai, wanangu, tena kwa maandishi.

Lakini kwanza muelewe pale mahali pana nini. Setilaiti iliyo chini, tuseme kilomita 400, huizunguka dunia kwa dakika kama 90. Kadiri inavyokuwa mbali, ndivyo mzunguko wake unavyochukua muda mrefu. Ikifika kilomita 35,786 juu ya ikweta, inamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia inatumia kujizungusha mara moja. Wewe uliye Morogoro unageuka, nayo inageuka pamoja nawe, hivyo unaiona imetulia. Fundi anakaza nati mara moja na kazi imekwisha. Ingekuwa inahama, ungehitaji dishi lenye mota ya kuifuata usiku na mchana.

Watu wa Nyandira na Matombo wanajua faida yake kuliko sisi wa mjini. Milima ya Uluguru hukinga mawimbi yanayosafiri chini kwa chini kutoka kwenye minara, lakini wimbi linaloshuka kutoka karibu na utosi halina mlima wa kulizuia. Na usidhani ukipanda kilele cha Lupanga utakuwa umeikaribia setilaiti. Lupanga ina mita 2,138. Utatoka jasho, miguu itatetemeka, na bado zitabaki zaidi ya kilomita 35,780.

Tatizo ni kwamba njia hiyo ya kukaa bila kuonekana inahama ni moja tu, juu ya ikweta, kwa urefu ule ule. Na setilaiti zinazotumia masafa yaleyale zikikaribiana mno, mawimbi yake yanaingiliana. Njia moja, nafasi za kuhesabika, mataifa chungu nzima. Hapo ndipo wanasheria walipoingia.

Kulikuwa na sheria tayari. Tarehe 27 Januari 1967 Mkataba wa Anga za Juu ulitiwa saini Washington, London na Moscow. Ibara yake ya pili inasema hakuna taifa litakalojimilikisha anga za juu, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kukalia, au kwa njia nyingine yoyote. Ndiyo maana bendera ambayo Wamarekani waliichomeka mwezini mwaka 1969 haikuwa hati ya kiwanja. Mimi naona ni sheria njema, kwa sababu bila hiyo wakubwa wawili wa wakati ule wangegawana mwezi na kila kilicho njiani. Hata hivyo, mtu akikwambia eneo fulani ni la wote, muulize nani ana chombo cha kufika huko. Mwaka 1967 wenye roketi walikuwa wachache sana.

Nchi za ikweta zikalitazama jambo hilo zikaona zinapunjwa. Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, Colombia, wajumbe wa nchi nane walitia saini tamko: Colombia, Ekwado, Brazili, Kongo ya Brazzaville, Zaire, Uganda, Kenya na Indonesia. Walisema setilaiti inakaa pale kwa sababu inashikwa na mvuto wa dunia, basi mahali pale ni maliasili, na maliasili iliyo juu ya nchi ni mali ya nchi hiyo. Wakaongeza kuwa mkataba wa 1967 haukueleza anga za juu zinaanzia wapi. Hilo ni kweli, na hadi leo hakuna mkataba wa dunia uliochora mpaka huo. Kwa hiyo, walisema, anayetaka kuweka chombo cha kukaa juu ya nchi yetu, abishe hodi kwanza. Vipande vilivyo juu ya bahari kuu viwe urithi wa wanadamu wote.

Tanzania haikuwamo. Ikweta inapita kaskazini ya mpaka wetu, hivyo kwa hoja ile hatukuwa na kiwanja cha kudai. Waliokuwamo nao walikuwa na vituko vyao. Mapema mwaka huohuo wa 1976 Idi Amin alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Ilipofika Desemba, wajumbe wa Nairobi na Kampala wakatia saini karatasi moja kuhusu ardhi isiyo na udongo, kilomita 36,000 juu ya vichwa vyao.

Dunia haikukubali. Marekani, Umoja wa Kisovyeti na nchi nyingine zilizokuwa na setilaiti zilishikilia ibara ya pili, nazo setilaiti zikaendelea kupandishwa bila kuomba ruhusa. Nami nikiwa mkweli, hoja ya mvuto ilikuwa na tundu. Mwezi nao umeshikwa na mvuto huohuo wa dunia. Ungekuwa wa nani? Lakini hoja ikiwa mbovu haina maana kwamba mlalamikaji hakuumizwa.

Mnaodhani tamko lile liliishia kabatini, subirini. Mawimbi na nafasi za setilaiti husimamiwa na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. Mwaka 1982 mkutano wake mkuu ulifanyika Nairobi, na humo sheria ya kugawana ikaongezewa maneno: yaangaliwe mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea, na mahali nchi fulani zilipo kijiografia. Maneno hayo ya mwisho yananuka Bogotá. Kisha mwaka 1988, Geneva, kila nchi ikatengewa angalau nafasi moja katika masafa fulani.

Fikiria Soko la Chifu Kingalu. Mkulima wa Mgeta anashuka na karoti zake alfajiri, anakuta vizimba vya mbele vimeshachukuliwa na walioamka mjini. Sasa meneja anaamua kila kijiji kitunziwe kizimba kimoja, hata kama mwaka huu hakijavuna. Hicho ndicho kilichofanyika mwaka 1988. Vizimba vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi na vyenye wateja, viliendelea kwa utaratibu wa zamani: aliyetangulia kujiandikisha Geneva na akapeleka chombo kwa wakati, amepata.

Na aliyepata hatoki. Setilaiti ya namna hii hufanya kazi miaka kama 15, halafu inasukumwa juu zaidi, nje ya njia, ikapumzike huko. Kabla haijaondoka, mwenzake ameshafika. Machi 2024 Eutelsat walirusha setilaiti mpya, Eutelsat 36D, kwa roketi ya SpaceX kutoka Florida, ikachukue zamu ya ile iliyozeeka juu ya Mogotio. Kwa sheria hakuna mwenye kiwanja. Kuna mpangaji tu ambaye hajawahi kuhama.

Je, asiye na roketi hana nguvu yoyote? Ana ardhi. Rudini nyuma kidogo, Unguja, Tunguu. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kama nchi lindwa, kujenga hapo kituo cha Mercury, mradi wake wa kurusha watu angani. Chombo chenye mtu kikizunguka dunia kilikuwa kinasikika kwa dakika chache tu kinapopita juu ya kituo, kwa hiyo Wamarekani walihitaji masikio katika nchi nyingi. Mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alitoka kwenye masikio ya Kano, Nigeria, akaingia kwenye ya Tunguu. Kwa mwendo wake, umbali wa Morogoro hadi Unguja ulikuwa wa sekunde 25 hivi.

Wapo Wazanzibari walioamini kuwa pale pamefichwa makombora. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, serikali ya Rais Karume iliwataka Wamarekani wang'oe kituo, wakakifunga mwaka huohuo. Kazi ikahamishiwa Madagascar. Huko nako kituo kilifungwa mwaka 1975. Taifa lililokuwa limempeleka mtu mwezini lilifungasha vitu vyake kwa sababu wenye shamba wamesema basi.

Siku hizi sijasikia nchi ya Afrika Mashariki inayodai kumiliki kipande cha anga. Angalieni Rwanda walichofanya mwaka 2021. Hawakupiga kelele za mamlaka wala mvuto. Walijaza fomu za ITU, wakaomba masafa kwa ajili ya setilaiti zaidi ya 327,000, za kuzunguka chini, si kule kwenye nyuzi 36. Wengine waliguna, kwa sababu idadi hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko setilaiti zote zilizowahi kurushwa tangu Sputnik ya mwaka 1957. Lakini jina la Kigali liliingia kwenye foleni mbele ya walioomba baadaye. Kanuni zinampa mwombaji miaka saba aanze kutumia masafa aliyoomba, na miaka miwili baada ya hapo awe ameshapeleka moja ya kumi ya alichoandika. Hesabu inaangukia mwaka 2030, na moja ya kumi yenyewe ni setilaiti zaidi ya 32,000.