Uchakavu wa Herufi Upimwe kwa Wavu

Fulana yenye maandishi yaliyofanywa yaonekane yamechakaa huharibika mara nyingi kabla wino haujafunguliwa. Chukua neno BUJUMBURA, ambalo timu ya mtaa wa Kanyosha ingependa kulivaa kifuani. Mbunifu akiliandika kwa fonti chakavu na kulipeleka karakana lilivyo, U zote tatu zitakuwa na mkwaruzo uleule mahali palepale, na B mbili zitafanana kama mapacha. Jicho hugundua upesi, kwa sababu uchakavu wa kweli haujirudii. Ndiyo maana nasema fonti chakavu ni malighafi tu. Uchakavu wenyewe sharti upangwe upya kulingana na ukubwa wa maandishi na wavu utakaopitisha wino.

Ushahidi uko kwenye wavu huo. Katika serigrafia, yaani uchapaji wa kusukuma wino kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu, wavu unaotumika sana kwa fulana una nyuzi 43 kwa sentimita, yaani uzi hadi uzi ni kama milimita 0.23. Chembe iliyo ndogo kuliko hapo yaweza kuangukia juu ya uzi isichapwe kabisa, na ufa mwembamba ndani ya herufi huzibwa na wino unaotambaa kwenye pamba. Mkwaruzo wa milimita 0.5 katika herufi ya sentimita 10 hubaki milimita 0.1 herufi ikipunguzwa hadi sentimita 2. Kwa hiyo maandishi yawekwe kwanza katika ukubwa wake wa mwisho, kisha yageuzwe kuwa michoro ya vekta, ili karakana isiyo na fonti hiyo iyafungue bila kubadilika. Hapo ndipo chembe zisizofika milimita 0.4 hufutwa, nyufa hupanuliwa, na herufi zinazojirudia hupewa mikwaruzo tofauti. Mikwaruzo nayo iwe matundu yaliyokatwa ndani ya herufi, si rangi nyeupe iliyopakwa juu yake. Ikiwa ni rangi, kwenye fulana nyekundu itadai fremu ya pili na gharama ya pili. Inkscape, programu isiyolipiwa, inatosha kwa kazi hii yote.

Wapo watakaouliza: kitu kikikusudiwa kionekane kimechakaa, chembe chache zikipotea kuna hasara gani? Hasara ni kwamba upotevu usiopangwa hautii amri. Fremu mpya ikitengenezwa kwa agizo la pili, chembe nyingine zitapotea, na wachezaji wa timu moja watavaa maandishi yasiyolingana. Wengine watasema picha ya kawaida yenye nukta nyingi inatosha. Ni kweli, kwa ukubwa mmoja. Lakini mteja akitaka pia fulana za watoto na bango la uwanjani, picha hiyo italazimika kuandaliwa upya, ilhali vekta hukuzwa bila kingo zake kuharibika, na mbunifu hubaki na kazi ya kukagua mikwaruzo tu. Hata uchapaji wa kidijitali wa kuhamisha wino kutoka kwenye filamu, ambao unamudu mambo madogo zaidi, hauondoi hoja hii: chembe ndogo mno hushika gundi kidogo, na kufua huzibandua.

Mteja naye ana haki ya kudai uthibitisho ulio rahisi. Aombe muundo uchapwe kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, ausome akiwa mbali kiasi cha hatua kadhaa. Neno lisiposomeka hapo, mikwaruzo ipunguzwe, kwani watu huvaa jina la mji wao ili lisomwe.