Mtoto wa mgongoni hajikazi

Ndugu wasomaji, wahenga walituachia msemo kwamba abebwaye hujikaza. Walikusudia kutufunza kuwa anayesaidiwa naye hana budi kutimiza sehemu yake, asiwe gunia juu ya mgongo wa mwenziwe. Msemo huo ni wa haki kwa watu wazima. Lakini yuko mbebwa mmoja ambaye haumhusu hata kidogo, naye ni mtoto wa mwaka mmoja au miwili aliye mgongoni mwa mzazi wake. Huyo hawezi kujikaza. Akisinzia, kichwa chake huanguka mbele. Akishikwa na baridi, huenda akalia, na huenda vilevile akanyamaza kimya. Akichoka, hana lugha ya kusema kuwa amechoka.

Tumeona ni vyema juma hili tuizungumzie habari hii, kwa kuwa zipo familia zinazopenda kuitumia likizo kwa kutembea milimani, iwe ni Usambara, Uluguru au chini ya Kilimanjaro, na hazitaki kumwacha mdogo nyumbani. Nia hiyo ni njema. Mtoto hupata hewa safi, husikia ndege na maji yaendayo, na juu ya yote hupata siku nzima ya kuwa karibu na baba na mama yake, jambo ambalo mjini limekuwa adimu. Basi hatuandiki ili kuwatisha watu. Tunaandika ili kukumbushana kanuni moja ambayo tukiishika, mengine yote hufuata: safari ya mlimani yenye mtoto mgongoni hupimwa kwa uwezo wa abebwaye, wala si kwa nguvu za abebaye.

Mbeleko na begi la fremu

Kumbeba mtoto mgongoni si elimu mpya kwetu. Kanga moja iliyofungwa vizuri imewafikisha shambani, kisimani na sokoni watoto wasio na hesabu. Tena mbeleko ina faida ambayo wataalamu wa mifupa wameitambua. Mtoto akiwa amepanua mapaja na kuukumbatia mgongo wa mama, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, vichwa vya mifupa ya mapaja hukaa mahali pake katika nyonga. Mwaka 2015 madaktari walichapisha taarifa kutoka hospitali moja ya Blantyre, Malawi, ambako akina mama wengi hubeba watoto mgongoni. Katika miaka 10 walihudumiwa watoto zaidi ya 40,000, na hakuna hata mtoto mchanga mmoja aliyehitaji kupasuliwa kwa sababu ya kilema cha nyonga ambacho katika nchi nyingine hutibiwa mara kwa mara.

Elimu hii ya Afrika ilivuka bahari. Ann Moore, muuguzi wa watoto kutoka Marekani, alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huko aliwaona akina mama wakienda na watoto wao mgongoni, watoto wakiwa watulivu. Aliporudi kwao na kujifungua, alitamani naye kumbeba mtoto wake hivyo hivyo. Mama yake, Lucy Aukerman, alimshonea kibebeo cha kitambaa, na mwaka 1969 kibebeo hicho kilipata hataza huko Marekani. Leo bidhaa za namna hiyo zinauzwa dunia nzima, na wengi wanaozinunua hawajui kwamba chanzo chake ni mgongo wa mama wa Kiafrika.

Kwa safari ndefu za milimani hutumika zaidi begi lenye fremu ya chuma chepesi. Ndani yake mna kiti, mikanda ya kumfunga mtoto mabegani na kiunoni, kivuli cha kukinga jua, na kwa mbebaji mkanda mpana wa kiuno. Mkanda huo ndio siri ya begi zima, kwa kuwa huuhamisha uzito kutoka mabegani na kuuweka juu ya nyonga. Faida nyingine ni ya kifamilia. Mbeleko katika jamii zetu imekuwa kazi ya mama, bibi, dada au yaya. Begi la fremu limempa baba mzigo ambao hana udhuru wa kuukwepa, na baba anayepanda mlima akisikia pumzi ya mwanawe shingoni mwake hujifunza jambo ambalo maneno hayawezi kumfunza.

Hata hivyo begi hilo lina masharti. Mtoto asiwekwe humo mpaka aweze kukaa mwenyewe bila kuegemezwa na kukishika kichwa chake imara. Kabla ya hapo, mahali pake ni kifuani mwa mzazi, uso ukionekana na kidevu kisibanwe kifuani, kwa sababu shingo ikikunjwa njia ya hewa huziba. Upo pia ukomo wa uzito. Watengenezaji wengi hutaja kilo 22 hivi, baadhi wakihesabu mtoto peke yake na baadhi mzigo wote, kwa hiyo maandishi ya begi lenyewe yasomwe. Hebu tupige hesabu. Mtoto kilo 12, begi tupu kilo tatu, maji lita mbili, nguo na chakula kilo mbili nyingine: jumla kilo 19. Huo si mzigo wa kuuchukulia mzaha kwenye njia yenye utelezi.

Macho ya pili

Mtu abebaye mtoto mgongoni ana upungufu mmoja mkubwa: hamwoni amana aliyoichukua. Haoni tawi linalomkwaruza uso, wala kofia iliyoanguka, wala kichwa kilicholala vibaya. Dawa yake ni kutembea wawili. Mmoja abebe mtoto, mwingine abebe mizigo na kufuata nyuma hatua chache, naye awe macho ya mwenzake. Kila baada ya muda mfupi aguse vidole vya mikono na miguu ya mtoto, kisha aguse ukosi wake. Vidole vikiwa baridi, nguo iongezwe. Ukosi ukiwa na jasho, ipunguzwe. Na hata vidole ukosi pia ukiwa wa baridi, safari imekwisha. Mtoto atolewe, akumbatiwe kifuani, na watu warudi.

Mbebaji naye ajifunze kuinama kwa kukunja magoti, si kiuno, kwani akiinama kiunoni mtoto huelekea kumpita juu ya kichwa. Akipita chini ya tawi akumbuke kwamba sasa urefu wake umeongezeka. Na begi likishushwa, liwekwe chini kwenye ardhi tambarare huku mtu amelishika. Kuliweka juu ya meza au jiwe, mtoto akiwa ndani, ni kualika maafa.

Mfano wa Lushoto

Tuchukue njia mashuhuri, ile itokayo mjini Lushoto hadi genge la Irente, ambako msafiri husimama ukingoni mwa milima ya Usambara na kuiona nyika yote ya chini. Ni mwendo wa kilomita tano au sita hivi kwenda, na wengi wa njia ni barabara ya vijijini. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo mtu mzima angefika Irente kwa saa moja na robo na ziada kidogo. Lakini Naismith hakuwa akihesabu kubadilisha nepi, kunyonyesha, kusimama kumwangalia ng'ombe, na kumtoa mtoto begini anyooshe miguu. Mwenye mtoto auzidishe muda huo mara mbili, na aanze asubuhi ili adhuhuri imkute amekwisha kugeuka. Mtoto asikae begini mfululizo. Kila saa moja au chini yake atolewe, acheze, anywe, kwani miguu inayoning'inia muda mrefu hufa ganzi.

Jambo la pili ni baridi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nayo Mombo, mahali barabara inapoanza kupanda, iko chini yake kwa karibu mita 1,000. Mtoto aliyevaa fulana moja kwa sababu ya joto la Mombo atafika juu akiwa nusu uchi kwa hali ya huko, hasa kati ya Juni na Agosti. Na hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Abebaye anatembea, damu inachemka, jasho linamtoka, naye hudhani kuna joto. Abebwaye ameketi kimya upepo ukimpiga. Wawili hao wako mahali pamoja lakini hawako katika hali ya hewa moja. Kwa hiyo mtoto avae nguo moja zaidi ya mbebaji wake, soksi na kofia zisisahaulike, na jua likiwaka afunikwe ngozi kwa nguo nyepesi za mikono mirefu.

La tatu ni genge lenyewe. Irente ni mahali pa kutazama, si mahali pa kumwachia mtoto aliyetoka begini akiwa na hamu ya kukimbia. Hapo mtoto abaki amefungwa mgongoni, na mbebaji asimame mbali na ukingo. Mandhari yanaonekana vilevile kwa mtu aliyesimama hatua 10 nyuma.

Kilele hakimngoji mtoto

Wapo watakaouliza: Je, tunaweza kwenda juu zaidi? Kuanzia mita 2,500 hivi mwili huanza kuhisi upungufu wa hewa. Mtu mzima husema kichwa kinamuuma. Mtoto asiyejua kusema hukataa chakula, hutapika au hulia bila kubembelezeka, na mzazi anaweza kudhani ni meno au usingizi. Dawa ya kwanza ya hali hiyo ni kushuka mara moja. Hifadhi ya Kilimanjaro hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni, mita 5,895, na tunaiona sheria hiyo kuwa ya busara. Familia yenye mtoto mdogo ina msitu mzuri wa chini wa kuutembelea, nayo haijapungukiwa na kitu.

Ndugu wasomaji, tukiyatazama haya yote kwa makini, tutaona kwamba vifaa vizuri vina nafasi yake, lakini kilicho kigumu zaidi kukipata ni moyo wa kukubali kurudi. Mtu aliyesafiri kutoka mbali, amelipa nauli na amewaahidi watu picha, huona aibu kugeuka njiani kwa sababu mtoto analia. Aibu hiyo haina msingi. Mlima upo leo na utakuwapo mtoto atakapokuwa na miguu yake mwenyewe. Yeye hakuichagua safari, hakuichagua njia, wala hakuulizwa kama ana baridi. Kilio chake ndiyo kura yake pekee, na tunawausia wazazi waihesabu.