Sura ya Saba: Tishio Linapotangulia Kura

Tarehe 28 Juni 2010 Warundi walimchagua rais, na tarehe 23 Julai wakarudi vituoni kuwachagua wabunge. Kati ya tarehe hizo mbili, usiku wa Jumapili ya tarehe 11 Julai, mabomu yalilipuka Kampala mahali pawili palipojaa watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Waliokufa walizidi 70. Kesho yake al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, walitangaza kuwa kazi hiyo ni yao. Msemaji wao, Ali Mohamud Rage, alisema huo ni ujumbe kwa kila nchi yenye nia ya kupeleka askari Somalia, na Burundi akaitaja kwa jina: isipoondoa askari wake, zamu yake inakuja.

Burundi ilikuwa na askari Mogadishu tangu Desemba 2007. Septemba 2009 ilikuwa imempoteza huko Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza, naibu kamanda wa kikosi cha Umoja wa Afrika, katika shambulio la kujitoa mhanga. Tangazo la Julai 2010 kwa hiyo lilikuwa na uzito: watu wa kuuawa walikwisha kuuawa, na anayetisha alikwisha kuonyesha kwamba anaweza. Likaja katikati ya kipindi cha uchaguzi, wakati taifa limekaa mkao wa kusikiliza.

Tumtazame mtu aliyelisikia akiwa Rumonge. Mji huo uko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kwa barabara inayofuata ziwa. Nyuma yake vimesimama vilima, mbele yake maji, na ng'ambo ya maji milima ya Fizi upande wa Kongo. Watu wanaishi kwa michikichi, kwa ndagala na mukeke, kwa biashara inayovuka ziwa. Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya mwalo, na Waislamu ni wengi kuliko katika miji mingi ya Burundi. Mkaazi wa mji kama huo analipokea tangazo la al-Shabaab kwa masikio mawili. Kwanza ni Mrundi ambaye huenda ana kaka au jirani jeshini Mogadishu. Kisha, akiwa Mwislamu, anajua kwamba msemaji aliye mbali sana amezungumza kwa jina la dini yake, na kuwa asiyemfahamu vizuri anaweza kuanza kumtazama kwa jicho jingine. Kabla bomu halijafika Burundi, ujumbe ulikuwa umeshaweka swali kati ya jirani na jirani.

Je, uligeuza kura? Tume ya uchaguzi ilihesabu mahudhurio ya zaidi ya asilimia 90 katika uchaguzi wa madiwani wa komine mwezi Mei, karibu asilimia 77 katika ule wa rais, na karibu theluthi mbili tu katika ule wa wabunge. Mtu mwenye haraka angesema Kampala ndiyo iliyowabakiza watu majumbani. Lakini vyama vikuu vya upinzani vilikuwa vimejitoa baada ya uchaguzi wa komine vikidai wizi, na katika kampeni ya mwezi Juni maguruneti yalitupwa mara nyingi, ofisi za chama tawala zikachomwa. Kushuka kwa mahudhurio kuna sababu za nyumbani zinazotosha. Nalieleza hili kwa kirefu kwa kuwa kila baada ya uchaguzi hutokea mtu wa kumpa mtoa tishio ushindi ambao hakuupata. Askari wa Burundi walibaki Somalia. Ukipimwa kwa lengo lililotangazwa, ujumbe wa Julai 2010 ulishindwa.

Basi tuulize kwingine. Tishio linalotangulia kura halina haja ya kumwambia mtu amchague nani, na mara nyingi halimwambii. Linafanya kazi kupitia wale wanaolijibu: serikali, wagombea, wenye redio, na majirani. Ulimwengu ulipata funzo la wazi mwaka 2004. Tarehe 11 Machi mabomu yaliua zaidi ya watu 190 katika treni za Madrid, siku tatu kabla ya uchaguzi. Serikali ya José María Aznar iling'ang'ania kuwatwika lawama ETA, wapiganaji wa Basque, huku ushahidi ukielekea kwingine. Wahispania wengi waliona wamefichwa ukweli, wakakiondoa chama chake. Oktoba mwaka huohuo Osama bin Laden alitokea kwenye video siku nne kabla ya uchaguzi wa Marekani, akawaambia Wamarekani kuwa usalama wao hauko mikononi mwa Bush wala Kerry. Bush akashinda, na Kerry baadaye akasema kanda ile ilimgharimu. Vyote viwili vilitoka katika mrengo mmoja wa wenye silaha, katika mwaka mmoja, na matokeo yakaenda pande mbili. Kilichoamua Madrid kilikuwa kinywa cha serikali katika siku tatu zilizofuata mlipuko.

Burundi nayo ilikuwa na tangazo lake mwaka huo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge (Watutsi wa Kongo), waliuawa katika kambi ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. FNL, kundi la Agathon Rwasa lililokuwa bado vitani, lilidai shambulio hilo kupitia msemaji wake Pasteur Habimana. Nchi ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa kumaliza kipindi cha mpito kilichowekwa na Mkataba wa Amani wa Arusha. Siku chache baadaye viongozi wa eneo walikutana Dar es Salaam wakalitangaza FNL kuwa kundi la kigaidi. Hata hivyo uchaguzi ulifanyika mwaka 2005, na mwaka 2009 FNL iliweka silaha chini ikasajiliwa kuwa chama. Rwasa alikuwa makamu wa kwanza wa spika mwaka 2015, na katika uchaguzi wa rais wa 2020 alihesabiwa karibu robo ya kura zote.

Njia hiyo, kutoka orodha ya magaidi hadi kiti cha bungeni, inawaudhi wengi, na wafiwa wa Gatumba wana haki ya kuudhika kwa sababu haki yao haijapatikana. Kwa somo letu inatufundisha kulitumia neno gaidi kwa kitendo: kuua au kutishia raia ili wengine watii. Tukilibandika kwa watu kama jina la kudumu, wakati wa kampeni litashikwa na kila mwenye madaraka, na litamwangukia mpinzani asiye na silaha pamoja na muuaji wa kweli.

Tishio lenye sahihi, kama la al-Shabaab au la FNL, angalau lina mwenyewe wa kushtakiwa. Baya zaidi ni lile lisilo na jina. Usiku wa tarehe 11 Mei 2018 watu wenye silaha waliingia Ruhagarika, kijiji cha uliokuwa mkoa wa Cibitoke karibu na mto Rusizi, wakaua watu 26, watoto wakiwemo. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya kura ya maoni ya kubadili katiba. Serikali ilisema wauaji ni magaidi waliovuka kutoka Kongo. Siku chache tu kabla ya mauaji hayo, mamlaka ya Burundi ilikuwa imesimamisha matangazo ya BBC na Sauti ya Amerika nchini. Kwa hiyo msikilizaji wa Rumonge, aliyezoea kusikia habari kwa Kirundi na Kiswahili kutoka zaidi ya sehemu moja, alipata habari ya kijiji kilichochinjwa akiwa amenyang'anywa njia ya kuilinganisha. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa. Mauaji yasiyo na sahihi hujaziwa jina na kila anayeyasimulia, na kadiri wasimulizi wanaoaminika wanavyopungua ndivyo kila upande unavyolijaza jina la adui wake.

Pwani ya Kenya iliona jambo la namna hiyo. Alfajiri ya tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu, polisi kadhaa waliuawa Mombasa na Kilifi. Lawama ilielekezwa kwa MRC, kundi lililotaka Pwani ijitenge na lililokuwa limewahimiza watu wasipige kura. Wenyewe walikana. Mpiga kura aliyesimama foleni asubuhi hiyo Changamwe, Mombasa, alipaswa kuamua peke yake kama foleni ni salama, kwa habari iliyokuwa ikibadilika kila alipoisikia.

Kwenye ufuo wa Tanganyika hofu ya namna hiyo hukuta mizizi iliyokwisha kushika. Aprili 1972 uasi ulianza hapahapa, Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua Watutsi wengi. Jeshi la Rais Micombero lilijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma, na waliouawa wanakadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Maelfu walivuka ziwa na mpaka kuelekea Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walianza kurudi baada ya Arusha, wakakuta mashamba na michikichi yao mikononi mwa watu wengine. Migogoro ya ardhi ya Rumonge na Nyanza-Lac imekuwa mizito kuliko ya sehemu nyingi za nchi. Fikiria basi trakti, karatasi moja isiyo na jina, iliyookotwa mlangoni asubuhi wiki mbili kabla ya kura, ikisema waliofukuzwa watafukuzwa tena, au waliopewa watanyang'anywa. Aliyeiandika haitaji chama chochote. Mwenye shamba anajua mwenyewe karatasi inamtisha kwa ajili ya nani, na aliyerudi kutoka Mishamo anajua pia. Mwandishi ameazima kumbukumbu ya miaka zaidi ya 50 kwa gharama ya karatasi.

Namna ya kupiga kura nayo huongeza nguvu ya karatasi hiyo. Katika chaguzi za Burundi za mwaka 2010 mpiga kura alipewa karatasi nyingi, moja kwa kila mgombea: aliyoichagua iliingia katika bahasha moja, zilizobaki katika nyingine. Sheria inalinda siri ya mtu. Lakini kura huhesabiwa palepale kituoni, na kituo hukusanya watu wa vilima vichache wanaofahamiana. Hata siri ya kila mmoja ikilindwa kabisa, hesabu ya kituo inaonyesha kilima kimeegemea wapi. Anayetishia hahitaji kujua kura yako, inamtosha kutishia kilima chako chote. Ndiyo maana vitisho vijijini huelekezwa kwa mahali, na ndiyo maana ahadi ya siri ya kura peke yake haimtulizi mama mwenye shamba la mihogo kilomita tatu kutoka kituoni. Kuchanganya kura za vituo kadhaa kabla ya kuzihesabu kungepunguza hatari hiyo. Kungepunguza pia uwezo wa mawakala kushuhudia hesabu, na katika nchi yenye shaka kubwa juu ya wahesabuji sitathubutu kulipendekeza.

Kinachobaki ni wale wanaosema baada ya tishio, na hapo rekodi inauma. Siku moja baada ya chama tawala kumteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Aprili 2015, maandamano yalianza Bujumbura. Serikali ilifunga redio ya RPA, ikazizuia redio za Isanganiro na Bonesha kusikika nje ya mji mkuu, na WhatsApp na Facebook zikakatwa kwenye simu. Wakati wa jaribio la mapinduzi la Mei, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa vikaharibiwa, na Rema FM iliyokuwa upande wa serikali nayo ikachomwa. Tarehe 21 Julai watu wa Rumonge walipiga kura ya rais huku sauti walizozizoea zikiwa zimenyamaza karibu zote. Isanganiro ilirudi hewani mwaka 2016, Bonesha mwaka 2021.

Redio hizo zilikuwa na asili yake. Mwaka 1994 waasi walikuwa na redio yao, Rutomorangingo, iliyorusha sauti kutoka upande wa Uvira. Rwanda ilikuwa imekwisha kuona redio ya chuki inaweza kufanya nini. Mwaka 1995 Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura kwa kuwaweka mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi kwenye habari moja, wakatembee pamoja hadi mahali pa tukio na kurudi na maelezo ambayo wote wawili wanaweza kuyatia sahihi. Sijui dawa bora kuliko hiyo dhidi ya trakti isiyo na jina.

Lakini mwandishi hawezi kufika mahali pa tukio ikiwa kufika kwenyewe ni kosa. Oktoba 2019, miezi saba kabla ya uchaguzi wa rais, waandishi wanne wa gazeti la Iwacu na dereva wao walikamatwa Bubanza walipokwenda kufuatilia mapigano kati ya jeshi na RED-Tabara, kundi lenye ngome Kivu Kusini ambalo serikali inaliita la kigaidi. Waandishi wanne walihukumiwa miaka miwili na nusu, wakaachiliwa kwa msamaha wa rais tarehe 24 Desemba 2020. Uchaguzi wa Mei ulikuwa umepita wakiwa gerezani. Wakati huo RED-Tabara waliendelea kujieleza wenyewe mtandaoni. Aliyezuiwa kusema ni mtu wa tatu, yule ambaye angepima maneno ya pande zote mbili.

Burundi itamchagua rais tena mwaka 2027. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu Februari 2025, vita vya Kivu vimeukaribia zaidi ufuo wa kaskazini, na wakimbizi wa Kongo wamekuwa wakivuka kuingia Burundi. Rumonge, iliyokuwa makao ya mkoa kwa miaka kumi, sasa ni komine ya mkoa mpya wa Burunga. Vitisho vitakuja, vingine kwa video kutoka ng'ambo, vingine kwa karatasi za usiku. Maswali ya kumuuliza mkuu wa komine, imamu, padri na mwenye redio ya kijamii kama Izere FM ya mjini Rumonge yanapaswa kuulizwa mapema: saa ngapi baada ya tishio mtu anayefahamika atasema kinachojulikana na kisichojulikana? Atakisema kwa Kirundi peke yake, au kwa Kiswahili cha mwalo pia? Na mwandishi akitaka kwenda kuangalia mwenyewe, nani atamhakikishia kwamba jioni atarudi nyumbani?